Nitriti, Nitrati na Baridi ya Limuru: Kuanzisha Akwaponiki ya Nyumbani Katika Nyanda za Juu

UTANGULIZI

Neno akwaponiki ni zao la ndoa ya lugha mbili kongwe. Aqua ni maji kwa Kilatini, na ponos ni kazi, tena kazi ya sulubu, kwa Kigiriki. Sehemu hiyo ya pili iliazimwa kutoka kwa dada yake mkubwa, haidroponiki, istilahi ambayo W. F. Gericke wa Chuo Kikuu cha California aliiingiza katika maandishi ya kisayansi mwaka 1937 alipotaka kuutaja ukuzaji wa mimea katika maji yenye virutubisho pasi na udongo. Akwaponiki imeongeza samaki. Samaki hulishwa tangini, maji yao machafu hupandishwa kwenye mizizi ya mboga, mboga hula kilichomo, na maji hurudi tangini yakiwa safi. Huenda msomaji wa Kiswahili angeridhika na "kilimo-samaki", ila neno hilo linamficha mfanyakazi wa tatu ambaye, kama itakavyobainika, ana kazi kubwa kuliko samaki na mboga. Kwa hivyo neno la mkopo ndilo litakalotumika hapa.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mtu aishiye mahali penye baridi awezavyo kuanzisha mfumo mdogo wa aina hiyo uani kwake. Mahali panapokusudiwa hasa ni Limuru, takribani mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, lakini mengi ya yasemwayo yanafaa pia Molo, Nyahururu na Kinangop, ambako usiku wa Julai joto la hewa huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na penginepo nyasi huamka zikiwa zimepigwa na sakitu.

Uteuzi huo una sababu. Vipimo vingi vinavyonakiliwa katika miongozo ya akwaponiki vina asili katika kazi ya James Rakocy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, kisiwani St. Croix katika Bahari ya Karibi, ambako perege huogelea katika maji ya vuguvugu mwaka mzima. Anayevichukua vipimo hivyo na kuvipeleka Limuru jinsi vilivyo anavaa nguo iliyoshonewa mtu mwingine. Wakenya wa nyanda za juu wana tajriba ya jambo hili. Mwaka 2009, kupitia Mpango wa Kuchochea Uchumi, serikali ilifadhili uchimbaji wa vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140 yaliyoteuliwa. Perege ndiye aliyependelewa. Katika maeneo ya joto alikua. Katika maeneo ya baridi alidumaa, akala chakula cha miezi mingi bila kuijaza sahani, na baadhi ya vidimbwi viliachwa vikaota magugu. Hasara hiyo haikuletwa na uvivu wa mkulima. Alipewa samaki asiyelingana na maji yake.

MFANYAKAZI WA TATU

Ashakum si matusi, lakini maelezo ya akwaponiki hayana budi kuanzia kwenye uchafu wa samaki. Sehemu kubwa ya taka ya samaki haipitii njia ambayo wengi wanaidhania. Hutoka kwenye mashavu yake, pale anapopumulia, ikiwa ni amonia iliyoyeyuka majini. Kinyesi na chakula kilichobaki nacho huoza na kutoa amonia zaidi. Ikikithiri, amonia humuua samaki yuleyule aliyeitoa. Mtu akitia samaki kwenye pipa la maji safi na kuwalisha kila siku, huwa amewafungia pamoja na sumu yao.

Hapa ndipo bakteria wanapoingia. Wapo wanaoishi kwenye kila sehemu yenye unyevu na hewa: juu ya kokoto, ndani ya mabomba, kwenye kuta za tangi. Kundi la kwanza, ambalo maarufu wake ni Nitrosomonas, hula amonia na kuigeuza nitriti. Kundi la pili, mathalani Nitrospira na Nitrobacter, huichukua hiyo nitriti na kuigeuza nitrati. Nitriti ni sumu kali kwa samaki: hupenya mashavuni, huingia katika damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, hata damu yenyewe ikageuka rangi ya kahawia na samaki akakosa pumzi ndani ya maji yenye hewa tele. Nitrati nayo ni chakula cha mmea, na samaki huivumilia kwa kiwango kikubwa.

Mwanafunzi wa isimu hatakosa kuona hatari iliyomo katika majina hayo. Nitriti na nitrati zimetofautishwa na irabu moja tu. Jozi pambanuzi kama hii hufurahisha darasani. Kando ya tangi la samaki, irabu hiyo moja ndiyo mpaka wa uhai na mauti. Mtu anayeelekezwa kwa simu na jirani, au anayesoma maandishi madogo kwenye chupa ya kipimo, anaweza kuitupa siku yake ya kupima kwa kusikia /a/ palipo na /i/. Wakati wanaistilahi wanapobishana kuhusu utohozi, aghalabu hoja huwa ni uzuri wa neno au uaminifu wake kwa lugha chanzi. Ni nadra kuuliza iwapo mtumiaji ataweza kulitofautisha na neno linalokaa jirani yake.

Yamkini jawabu lilikwishakuwamo katika Kiswahili. Kamusi za zamani zinalo neno shura, yaani ile chumvi nyeupe inayojitokeza juu ya ardhi na iliyotumiwa kutengenezea baruti. Shura ni nitrati ya potasiamu. Kwa hakika nitrati iliyomo majini na shura iliyokauka si kitu kilekile kwa kila hali, na mkemia atakuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo, kumwambia mkulima kwamba bakteria wa kwanza huzaa nitriti na wa pili huzaa shura kunamwachia maneno mawili yasiyoweza kuchanganywa hata kwa sikio zito. Katika makala haya nitrati itaachwa kwa jina lake la kitaaluma, ila msomaji atakayemfundisha mzazi wake kijijini anashauriwa kutumia shura.

BARIDI INAPOINGIA KATI

Bakteria hawa ni viumbe wa joto la wastani. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2014 unataja nyuzi 17 hadi 34 kuwa upeo unaowafaa. Chini ya hapo kazi yao hupungua. Jambo muhimu zaidi ni kwamba makundi mawili hayapungui sawa. Wale wa hatua ya pili, hususan Nitrobacter, hudhoofishwa na baridi zaidi kuliko wale wa hatua ya kwanza. Matokeo yake ni kama kiwanda chenye mashine mbili ambapo ya kwanza inaendelea kutoa bidhaa nayo ya pili imelegea: bidhaa nusu hurundikana katikati. Bidhaa nusu hiyo ni nitriti. Kwa maneno mengine, mahali penye baridi ndipo ile irabu moja inapouma zaidi.

Ni haki kusema kwamba baridi haina ubaya mtupu. Amonia iliyo majini huwa ya namna mbili, na ile iliyo kali hupungua maji yanapopoa. Maji yenye pH ya 8, yakishuka kutoka nyuzi 25 hadi 15, hubaki na takribani nusu tu ya ile sehemu kali. Vilevile maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Lakini hapa mwinuko unanyang'anya kile ambacho baridi imetoa. Kanieneo ya hewa ya Limuru ni zaidi kidogo ya robo tatu ya ile ya Mombasa, kwa hivyo maji ya Limuru yenye nyuzi 15 huishia kubeba oksijeni karibu sawa na maji baridi ya kisima cha Mombasa yakishapata joto la nyuzi 28, yaani kama miligramu 8 kwa lita. Anayefikiri kwamba baridi ya milimani imemwondolea haja ya kutia hewa majini amejidanganya.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kuyapasha maji moto. Hesabu yake ni rahisi. Kupandisha lita 1,000 za maji kutoka nyuzi 16 hadi 26 kunahitaji takribani uniti 12 za umeme, bila kuhesabu hasara yoyote. Maji hayo hupoa tena usiku, na kesho yake sehemu kubwa ya uniti hizo inadaiwa upya. Hakuna kiasi cha mboga na samaki kitokacho katika tangi moja kinachoweza kuilipa bili hiyo. Penye baridi, kinachobadilishwa kwanza ni samaki. Joto la maji hufuata kwa njia za bei nafuu, kama itakavyoelezwa.

SAMAKI WA KUCHAGUA

Perege hufurahia nyuzi 27 hadi 30. Chini ya 17 huacha kula kwa maana yoyote ya kukua, na zikifika 10 au 12 hufa. Limuru humruhusu kuishi kwa kubahatisha tu. Kambare ni mstahimilivu kwa upande mwingine: ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, hivyo umeme ukikatika hatakufa kwa kukosa oksijeni. Hata hivyo, naye ni samaki wa maji ya joto, na chini ya nyuzi 20 ukuaji wake huzorota.

Mwenye kuutazama Mlima Kenya atauliza: je, trauti? Samaki huyo aliletwa nchini mwaka 1905, akatiwa katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare, na kituo cha kuzalisha vifaranga wake kipo Kiganjo, karibu na Nyeri. Hupenda nyuzi 10 hadi 18. Kwa joto, basi, Limuru ni nyumbani kwake. Ila trauti amezoea mito inayoteremka kwa kasi na kutoa povu. Anataka oksijeni nyingi muda wote, anataka chakula chenye protini nyingi ambacho ni ghali, na pampu ikisimama kwa saa moja hivi tangi lililojaa trauti linaweza kuwa makaburi. Ni samaki wa mwaka wa tatu. Anayeanza na trauti katika nchi ambamo umeme hukatika bila kubisha hodi ana moyo wa chuma, au hajawahi kuishi humo.

Anayesalia ni yule ambaye kwa Kiingereza cha kawaida huandikwa kwa herufi nne na ambaye utohozi ungemfanya kapi. (Kwa bahati mbaya kapi tayari ni lile gurudumu la kuvutia kamba, na pia ni pumba; samaki huyu ameingia katika lugha akiwa wa tatu kwenye foleni.) Kapi hukua vyema zaidi maji yakiwa na joto, lakini huvumilia kuanzia nyuzi 4 hadi zaidi ya 30, hula karibu kila kitu, na havunjiki moyo maji yakichafuka kidogo. Wapo wasiopenda miiba yake mingi, na malalamiko yao ni ya kweli. Asiyejali kula samaki mwenyewe, na anayetaka mboga tu, anaweza kufuga samaki wa dhahabu, ambaye ni binamu yake kapi na mstahimilivu vivyo hivyo. Kwa mwaka wa kwanza hakuna chaguo la busara kuliko hawa wawili.

UJENZI

Mfumo wa kuanzia unahitaji tangi moja la plastiki la lita 1,000, ambalo kwa kawaida huuzwa likiwa limetumika na likiwa ndani ya fremu ya vyuma, na mabeseni mawili mapana ya kutilia kokoto, kila moja likiwa na eneo la mita mraba 1 na kina cha sentimita 30. Kabla ya kununua tangi ni lazima kuuliza lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kula au sharubati huoshwa likafaa. Lililobeba dawa za wadudu halifai hata likioshwa mara 100.

Tangi hukaa chini, mabeseni huinuliwa juu yake. Beseni moja likijaa kokoto na maji hupita nusu tani, kwa hivyo meza ya mbao zilizobaki kwenye ujenzi wa banda la kuku haitoshi. Yafaa matofali ya saruji yaliyopangwa juu ya ardhi iliyoshindiliwa. Pampu ndogo huyapandisha maji kutoka tangini hadi kwenye mabeseni, kwa kasi ya kulizungusha tangi zima mara moja kwa saa. Kila beseni lina bomba la kutolea maji lililovikwa kofia, na maji yakifika kimo fulani hufyonzwa yote kwa mkupuo na kurudi tangini. Kisha beseni huanza kujaa upya. Kujaa na kukauka huku ndiko kunakowapa bakteria na mizizi hewa. Fundi wa mabomba asiyewahi kuiona kofia hiyo atashangaa kidogo, lakini akieleweshwa ataitengeneza kwa vipande vya bomba alivyonavyo.

Kokoto ziwe na upana wa kati ya milimita 8 na 20. Zikiwa ndogo zaidi huziba; zikiwa kubwa zaidi huwapa bakteria mahali padogo pa kukaa. Mawe mepesi ya volkeno yenye vitundu, ambayo hupatikana Bonde la Ufa, ni bora kuliko kokoto za machimbo kwa kuwa kila kitundu ni chumba cha kupanga cha bakteria. Aina yoyote ile, ni sharti ijaribiwe kwa siki: weka mawe machache kwenye gilasi, mimina siki, tazama. Yakitoa mapovu yana chokaa, na chokaa nyingi huipandisha pH ya maji mfululizo hata mboga zikashindwa kula madini. Kwa sababu hii mawe ya matumbawe ya Pwani, mazuri kama yalivyo kwa kuta za Lamu, hayafai kabisa kwa kazi hii.

Maji ya mfereji huwa na klorini, ambayo iliwekwa humo ili kuua bakteria na haitachagua wa kuwasamehe. Yakiachwa wazi siku moja au mbili, huku yakivurugwa na pampu, klorini huondoka. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa hayana shida hiyo.

Kuhusu uwiano, kipimo kinachoongoza ni chakula cha samaki, wala si idadi ya samaki. Mita mraba 1 ya mboga za majani huhitaji kama gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku. Mabeseni mawili basi yatahitaji gramu 80 hadi 100. Samaki aliyekomaa hula kama asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa siku, na kwa hivyo kilo 5 hadi 10 za samaki zinatosha. Kilo 10 ni samaki 20 wa nusu kilo kila mmoja. Wanaoanza huona 20 kuwa ni wachache mno, wanatia 100. Tangi haliwaambii kitu mwezi wa kwanza, wakati vifaranga bado ni wadogo kama vidole.

WIKI ZA KUNGOJA

Sehemu hii ndiyo inayorukwa mara nyingi. Mfumo ukishajengwa na maji yakizunguka, huonekana umekamilika, na jirani wote wamekuja kuangalia. Kinachokosekana hakionekani kwa macho: bakteria hawajafika. Ikiwa samaki watatiwa siku hiyo, ndio watakaokuwa chambo cha majaribio.

Njia yenye huruma ni kuwalisha bakteria kabla ya kuwa na samaki hata mmoja. Hutiwa kiasi kidogo cha chanzo cha amonia, na mbolea ya urea, ambayo hupatikana kila duka la pembejeo, ni mojawapo. Gramu 4 au 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, zinatosha kwa lita 1,000 kwa mara moja. Samadi haipendekezwi kamwe, kwa sababu majani yatakayoliwa mabichi yatakuwa yakigusana na maji hayohayo. Anayemfahamu mwenye tangi la samaki lenye afya aombe kokoto kiganja kimoja kutoka humo azizike kwenye beseni lake. Hiyo ni mbegu bora kuliko chupa yoyote ya dukani.

Kisha ni kupima. Vipimo vya matone vya amonia, nitriti, nitrati na pH ndicho kifaa kimoja ambacho ubahili hauna nafasi kwacho. Kwanza amonia hupanda. Baada ya muda huanza kushuka na nitriti hupanda. Mwishowe nitriti nayo hushuka, na nitrati huonekana. Katika maji ya nyuzi 25 mkondo huu huchukua takribani wiki 4 hadi 6. Katika maji baridi huweza kufika miezi miwili, na muda mwingi wa nyongeza huliwa na ile hatua ya pili, nitriti ikiwa imesimama juu wiki baada ya wiki kana kwamba hakuna kinachotendeka. Hapa ndipo watu hukata tamaa, wakamwaga maji yote na kuanza upya, jambo linalowarudisha wiki ya kwanza. Tiba ni kupunguza urea, kuendelea kuzungusha maji, na kungoja.

Kwa mkaazi wa nyanda za juu, kalenda ina uzito kuliko kifaa. Mfumo ulioanzishwa Januari au Februari, jua likiwa kali, utakuwa na bakteria waliokomaa kabla ya Juni. Ule ulioanzishwa Juni utahangaika hadi Septemba. Jaribio la mwisho kabla ya kununua vifaranga ni kutia urea kidogo hadi amonia ifike miligramu 2 kwa lita, kisha kupima kila siku. Ikiwa baada ya siku moja au mbili tangu ifike hapo amonia na nitriti zote zimesoma sufuri, nyumba iko tayari kupokea wageni. Urea haitiwi tena tangu siku hiyo.

Mboga zinaweza kupandwa hata kabla ya samaki, nitrati ikishaonekana. Mahali penye baridi panapendwa na sukuma wiki, spinachi, kabichi, saladi, dania na vitunguu vya majani. Terere hupenda joto na hudumaa kipindi cha baridi. Nyanya na pilipili ziachiwe miezi ya jua au ziwekwe chini ya paa la plastiki. Majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, kinachokosekana kwa kawaida ni madini ya chuma, ambayo chakula cha samaki hakina ya kutosha. Hutiwa yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya mimea, si misumari yenye kutu kama inavyoaminiwa na baadhi.

USIKU WA JULAI

Katika Taasisi ya New Alchemy, iliyoanzishwa mwaka 1969 na kufanya kazi Massachusetts, mahali ambapo barafu si habari ya ajabu, watafiti walifuga samaki katika matangi marefu yanayopitisha mwanga, wakayaweka ndani ya nyumba ya kioo. Mchana maji yalimeza joto la jua. Usiku yaliitoa polepole, na mimea iliyozunguka ikapona. Fikra hiyo inafaa Limuru kuliko hita yoyote. Banda la plastiki angavu lililojengwa juu ya mfumo mzima, tangi lililozikwa nusu ardhini, ubao juu ya mdomo wa tangi wakati wa usiku, na magunia yaliyojaa majani makavu yakizunguka kuta zake: haya huyazuia maji yasipande na kushuka kila siku. Samaki na bakteria huvumilia baridi tulivu kuliko joto linaloyumba. Iwapo tangi linapitisha mwanga, hufunikwa kwa rangi au turubai nyeusi, vinginevyo mwani utaota na kugeuza maji kuwa supu ya kijani.

Jambo moja ambalo hata wazoefu hulisahau ni kwamba beseni la kokoto ni kipoza maji kizuri mno. Kila linapojaa na kukauka usiku, linavuta hewa ya baridi kati ya mawe na kuikabidhi kwa maji yanayorudi tangini. Kwa hiyo, katika miezi ya Juni hadi Agosti, mzunguko upunguzwe usiku, robo saa kwa kila saa mbili hivi, nacho kipampu kidogo cha hewa kiendelee kutia mapovu tangini bila kukoma. Kipampu hicho ndicho kinachostahili betri ya akiba. Pampu ya maji ikisimama kwa saa kadhaa, mboga hazitajua. Hewa ikisimama, samaki watajua kabla ya mwenye nyumba kupata mshumaa.

Kadiri bakteria wanavyofanya kazi, ndivyo maji yanavyozidi kuwa na asidi. Hili huchukua wiki nyingi na huweza kuteleza bila kutambuliwa. pH ikishuka chini ya 6 bakteria hulala, baridi au joto. Maganda ya mayai yaliyosagwa, yakifungwa katika kitambaa na kuning'inizwa tangini, huirudisha pH taratibu na kuongeza kalsiamu. Magadi yasitiwe. Huipandisha pH ghafla, na amonia iliyokuwa imelala katika hali yake ya upole huamka ikiwa kali siku hiyohiyo.

Chakula nacho hufuata kipimajoto. Maji yakiwa nyuzi 20, kapi hulishwa kama kawaida. Yakifika 15, apewe nusu. Yakishuka chini ya 10, asipewe chochote, na asionewe huruma, kwani tumbo lake limefunga duka na kila punje itakayobaki itaoza na kuwa amonia. Nitriti ipimwe kila baada ya siku mbili msimu wote huo. Rangi ya kipimo ikielekea zambarau, chakula husimamishwa papo hapo, robo ya maji hubadilishwa kwa maji yasiyo na klorini, na chumvi ya kawaida ya jikoni hutiwa, gramu 1 kwa kila lita, ambayo kloridi yake hushindana na nitriti mlangoni mwa mashavu ya samaki na kuizuia isiingie. Mboga nyingi za majani huvumilia kiasi hicho, ila stroberi haitavumilia. Kesho yake asubuhi hupimwa tena, kabla ya jua kuingia bandani.